Mvua Moja, Mafuriko Tofauti: Tathmini ya Tabianchi na Viunga vya Dar es Salaam

Mwaka 1996 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi. Tangu hapo serikali ina wajibu wa kueleza, kwa taarifa za kitaalamu, jinsi mabadiliko hayo yanavyogusa kilimo, maji, afya na makazi ya wananchi. Taarifa ya kwanza ilitolewa mwaka 2003. Mwaka 2007 ulifuata mpango wa hatua za haraka za kukabiliana na mabadiliko hayo, na mwaka 2012 Mkakati wa Taifa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tathmini za namna hiyo zinavyofanywa, na kwa nini sehemu yake iliyo ngumu huanzia pale ramani ya taifa inapoishia, yaani katika mitaa ya Kinondoni na Temeke.

Hatua tatu

Hatua ya kwanza ni kumbukumbu. Hali ya hewa ni habari ya leo na kesho. Tabianchi ni wastani wa miaka mingi, ambao kwa kawaida hupimwa kwa miaka 30. Mtu hawezi kuijua tabianchi kwa masika moja iliyozidi wala kwa vuli moja iliyokosekana. Ndiyo maana daftari la mvua linalotunzwa kila siku, bila kuruka hata siku moja, ni mali ya taifa.

Hatua ya pili ni makadirio. Hapa kanuni za fizikia huingizwa katika kompyuta ili kuonyesha mwenendo wa hewa na bahari katika miaka ijayo. Mojawapo ya kanuni hizo ni rahisi kuielewa: hewa ikiongezeka joto kwa digrii 1 ya sentigredi, uwezo wake wa kubeba mvuke wa maji huongezeka kwa takriban asilimia 7. Mawingu hupata akiba kubwa zaidi, na mvua kubwa inaponyesha huweza kuwa kubwa kuliko ilivyozoeleka.

Hata hivyo, kompyuta hizo huigawa dunia katika miraba, na mara nyingi kila upande wa mraba mmoja hufikia kilometa 100 hivi. Mkoa mzima wa Dar es Salaam, ambao eneo lake halifikii kilometa za mraba 2,000, huweza kumezwa na mraba mmoja pamoja na sehemu kubwa ya Mkoa wa Pwani. Ndani ya mraba huo Bunju na Mbagala ni kitu kimoja.

Hatua ya tatu ndiyo inayomhusu mwananchi moja kwa moja: mabadiliko hayo yatamfanya nini? Wataalamu hutazama mambo matatu kwa pamoja: hatari yenyewe, idadi ya watu na mali zilizomo katika njia ya hatari hiyo, na uwezo wa watu kuistahimili. Jambo moja kati ya hayo likiachwa, tathmini huwa pungufu.

Mvua moja, mitaa miwili

Mfano ulio wazi ni mvua za Desemba 2011, zilizoua watu wapatao 40 jijini Dar es Salaam na kuwaacha maelfu bila makazi. Mvua ile ilinyesha Masaki kwenye mwinuko, ikanyesha pia katika bonde la mto Msimbazi. Lakini msiba haukugawanywa sawasawa. Tofauti ilitokana na mahali nyumba zilipojengwa na njia ambazo maji yaliachiwa kupita.

Majina ya mahali hutoa ushahidi ambao kompyuta haina. Bonde la Mpunga, katika eneo la Msasani, halihitaji maelezo. Mpunga hupenda maji yanayotuama. Huko Temeke kuna Mtoni. Ardhi ya namna hiyo inapofunikwa kwa mabati na saruji, mchanga uliokuwa ukinywa mvua hauipati tena. Maji hukimbilia mitaroni, na mtaro uliojaa mchanga na taka huyarudisha majumbani. Vyoo vya shimo hufurika, visima vifupi huchafuka, na kipindupindu hupata njia.

Ukame nao una madhara yake. Familia nyingi za viunga hutegemea visima. Karibu na pwani, maji baridi yaliyo ardhini hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Mvua zikipungua, pampu zikizidi na kina cha bahari kikipanda, chumvi husogea kuelekea kisimani. Mwenye kisima hugundua kwa ulimi kabla ya takwimu yoyote kuandikwa.

Kuhesabu kwa mitaa

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Hivyo, hata kama mvua isingebadilika kabisa, waliomo katika njia ya maji wangeweza kuongezeka. Kwa sababu hiyo, kazi ya Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2015 kwa ushirikiano wa Tume ya Sayansi na Teknolojia, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe, ina thamani kubwa. Nyumba, njia na mitaro ya kata zilichorwa kwa kupita mitaani. Mkazi anayeonyesha kwamba maji yalifika gotini au kiunoni hutoa kipimo cha kisayansi, mradi kiandikwe pamoja na mahali na tarehe.

Aidha, vipimo hivyo huamua hatima ya watu. Baada ya mafuriko ya 2011, baadhi ya familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni. Tathmini inayopima maji peke yake itasema kwamba hatari imekwisha. Tathmini kamili itauliza pia juu ya nauli, shule, zahanati, na umbali kutoka pale familia inapopata riziki, kwa maana aliyehamishwa akakosa kazi huweza kurudi bondeni kwa hiari yake. Taifa linaweza kukadiria mvua kwa mraba wa kilometa 100. Watu wake halina budi kuwahesabu mlango kwa mlango.