Mraba wa Wino Katika Kitabu cha Darasa la Kwanza

Msimbo wa QR, ule mraba wenye vidoadoa vyeusi ambao leo umebandikwa dukani, hotelini na kwenye tiketi, haukubuniwa kwa ajili ya shule. Ulitoka Japani mwaka 1994, katika kampuni ya Denso inayotengeneza vipuri vya magari. Alama za milia zilizokuwa zikichapwa kwenye maboksi zilibeba herufi ishirini hivi tu, na boksi moja liliweza kuhitaji alama kadhaa, kila moja isomwe peke yake. Mhandisi Masahiro Hara akaiacha milia na kupanga taarifa kwa vijiraba vinavyosomwa pande zote mbili, kwenda chini na kwenda kando. Wazo hilo lilimjia kutokana na Go, mchezo wa ubaoni unaochezwa kwa kete nyeusi na nyeupe.

Kamera hutafuta kwanza pembe tatu za msimbo. Kila moja ina mraba ndani ya mraba, na mstari wowote ukipita katikati yake hukata weusi na weupe kwa uwiano wa 1:1:3:1:1. Uwiano huo haukuokotwa. Hara na wenzake walipekua magazeti, vipeperushi na maboksi wakitafuta mpangilio ambao hauonekani kwa urahisi kwenye machapisho ya kawaida. Ndiyo maana simu haiuchanganyi msimbo na picha ya twiga iliyo jirani yake, hata kitabu kikishikwa juu chini. Zaidi ya hapo, taarifa imewekewa akiba ya kihesabu: katika kiwango cha juu kabisa cha ulinzi, karibu asilimia 30 ya data inaweza kuharibika na msimbo ukasomeka bado. Kiwandani adui aliyefikiriwa alikuwa grisi. Katika mkoba wa mtoto wa miaka saba adui ni uji, mafuta ya kupaka, kalamu iliyovuja na mdogo mtu anayetafuna karatasi.

Denso ilikuwa na hataza ya msimbo huo lakini haikuwatoza watumiaji. Kwa hiyo mraba mmoja kwenye kitabu cha kiada una gharama ya wino tu. Hauhitaji umeme, hauhitaji chumba cha kompyuta chenye kufuli mbili, na simu inayousoma inaweza kuwa ya mtu mwingine.

Aliyeliona hilo mapema katika elimu ya msingi ni Ranjitsinh Disale, mwalimu wa jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India. Ualimu haukuwa chaguo lake la kwanza. Alitaka kuwa mhandisi wa kompyuta, chuo cha uhandisi hakikumwendea vizuri, na baba yake akamshauri ajaribu chuo cha ualimu. Alikwenda kwa kusitasita. Yeye mwenyewe amekuwa akieleza kwamba huko ndiko alikoona walimu wanaweza kuibadili jamii. Mwaka 2009 alifika katika shule ya msingi ya serikali ya kijiji cha Paritewadi, wilaya ya Solapur. Jengo lilikuwa bovu, limebanwa kati ya zizi la ng'ombe na stoo. Wanafunzi wengi walikuwa wasichana wa jamii za pembezoni, ambao mahudhurio yao yalipanda na kushuka, na kuozwa mapema lilikuwa jambo la kawaida.

Tatizo la kwanza alilokutana nalo lilikuwa la lugha. Solapur inapakana na jimbo la Karnataka, na nyumbani watoto hao walizungumza Kikannada, lugha ambayo haikuwa ya vitabu vyao wala ya mwalimu wao mpya. Disale alijifunza Kikannada. Kisha akakaa na vitabu vya darasa la kwanza hadi la nne, akavitafsiri na kuvipanga upya kwa lugha ya watoto, na ndani yake akatia misimbo ya QR inayofungua mashairi yaliyosomwa kwa sauti, masomo ya video, hadithi na mazoezi.

Sifa nyingi alizopewa baadaye zilikwenda kwa mraba. Kazi yenyewe iko nyuma yake: mwalimu mtu mzima anayerudi kuwa mwanafunzi wa lugha ya watoto anaowafundisha, halafu anasoma shairi kwenye kinasa sauti, anasikiliza, anarudia. Msimbo hubeba kilichowekwa tu. Ukielekezwa kwenye ukurasa uleule wa kitabu kwa lugha ileile ngumu, mtoto atasikia kwa sauti kile ambacho hakukielewa kwa macho. Wasomaji waliopitia mabishano ya Tanzania na Kenya kuhusu lugha ya kufundishia hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili.

Darasani, mwanafunzi anayekwama kwenye neno hufungua msimbo na kusikiliza mara nyingi apendavyo. Mashine haichoki wala haiguni. Mwalimu naye hupata nafasi ya kumwinamia mwingine. Disale aliyafuatilia majibu ya wanafunzi ili kumpa kila mmoja zoezi linalomfaa, na kwa video za moja kwa moja aliyaunganisha madarasa ya nchi nyingine na majaribio ya sayansi aliyoyafanya nyumbani kwake.

Kilichoanzia kwenye shule moja kikapanda ngazi haraka. Baada ya pendekezo lake na majaribio, mwaka 2017 serikali ya Maharashtra ilitangaza kutia misimbo ya QR katika vitabu vya madarasa yote. Mwaka 2018 wizara ya elimu ya India ikasema vitabu vya NCERT, taasisi ya taifa ya mitaala, vitafuata. Kwenye vitabu vinavyounganishwa na DIKSHA, jukwaa la serikali lililozinduliwa 2017, chini ya mraba huchapwa pia herufi na tarakimu sita, ili asiyeweza kuusoma kwa kamera aziandike kwa mkono. Mraba wenyewe hautunzi somo, unataja tu mahali lilipo. Hivyo video yenye makosa hubadilishwa bila kuchapa kitabu upya.

Tarehe 3 Desemba 2020 Disale alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, yenye dola milioni 1, ileile aliyoitwaa Peter Tabichi wa Kenya mwaka uliotangulia. Katika hotuba yake aliwaeleza walimu kuwa watu wanaobadili maisha kwa mchanganyiko wa chaki na changamoto. Kisha akatangaza kwamba nusu ya fedha anaigawa sawasawa kwa walimu tisa waliofika naye fainali, zaidi ya dola 55,000 kila mmoja. Miongoni mwao walikuwamo walimu wa Nigeria na Afrika Kusini.

Waandaaji wa tuzo walisema mahudhurio ya wasichana Paritewadi yamefika asilimia 100 na ndoa za utotoni zimekoma kijijini hapo. Ni habari njema, lakini hazionyeshi ni kiasi gani kilitokana na mraba, na kiasi gani kilitokana na mtu aliyejifunza kuzungumza na wazazi kwa lugha yao. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa wizara yoyote inayotaka kuiga, maana wino hununuliwa kwa zabuni, mtu wa namna hiyo hanunuliwi.

Simu nayo ni suala jingine. Katika nyumba yenye simujanja moja, simu hutoka asubuhi na mwenye nyumba na kurudi jioni ikiwa na chaji kidogo. Nani huishika kwanza, kaka au dada? Na kitabu kinachorithiwa darasa kwa darasa huendelea kuelekeza kwenye anwani ileile, kwa hiyo lazima ofisi fulani ilipie seva na kuyatunza masomo miaka yote hiyo. Tena mwalimu aliyeanzisha kazi anaweza kuondoka: mwaka 2022 Disale mwenyewe alijikuta akivutana na maofisa wa elimu wa wilaya kuhusu likizo ya kwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, hadi waziri wa elimu wa jimbo alipoingilia kati na ruhusa ikatolewa. Vitabu vilibaki na misimbo yake. Mwalimu anayefuata, asiyejua Kikannada, atavitumiaje?