Je, Wajua? Pumzi Si Zake, Kazi Ni Yake
Je, wajua ya kuwa Dale Chihuly, msanii mashuhuri wa Marekani ambaye kazi zake za kioo hukusanywa na matajiri na majumba ya makumbusho, alikoma kupuliza kioo kwa pumzi zake mwenyewe tangu mwaka 1979? Mwaka 1976, katika ajali ya gari huko Uingereza, alipoteza jicho la kushoto, na kilichompofua, ajabu ya kadari, ni kioo. Miaka mitatu baadaye bega likateguka alipokuwa akicheza na mawimbi ya bahari. Tokea hapo yeye huchora kwa rangi, nao mafundi wake hushika bomba la chuma mbele ya tanuri.

Basi mwenye kutamani kukusanya kioo cha kupulizwa, na akipindue chombo atazame kitako: pale fimbo ya chuma ilipobanduliwa aghalabu hubaki kovu la mviringo, pengine limesuguliwa likawa laini. Wako walichukialo, mimi naliona ni pambo. Sahihi peke yake isikughuri, maana kughushi sahihi ni jambo jepesi.

Katika dari ya hoteli ya Bellagio, Las Vegas, maua ya kioo ya Chihuly yapatayo 2,000 yananing'inia tangu mwaka 1998.