Pikapu Ikikataa Kuwaka, Usianze na Pampu

Barabara ya kutoka Dadaab hadi Liboi ni karibu kilomita 80, na kwa miaka mingi imekuwa ya mchanga. Magari yanayoivumilia ni pikapu kuukuu za dizeli: Toyota Hilux zenye injini ya 2L, 3L au 5L, na Land Cruiser zenye 1HZ. Wenyewe wanazipenda kwa sababu hazitegemei kompyuta. Lakini siku pikapu inapokataa kuwaka, hukumu hutolewa upesi: pampu ya dizeli imekufa. Pampu hufunguliwa, hupakiwa basini kupelekwa Garissa au hata Nairobi, zaidi ya kilomita 500 kutoka Liboi, kisha hurudi na bili nzito. Inafungwa, na gari linakataa vilevile, kwa sababu tangu mwanzo pampu ilikuwa nzima ila ilivuta hewa badala ya dizeli.

Kabla ya kufikia hewa, sikiliza stata. Dizeli haiwashwi na cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda, na injini inayozunguka polepole haipati joto hilo. Safisha vichwa vya betri, kaza waya wa athi ulioungwa kwenye injini, kisha ujaribu tena. Stata ikigonga "ta!" mara moja bila kuzungusha injini, na betri ina nguvu, mara nyingi vilivyokwisha ni vipande vya shaba vilivyo ndani ya stata yenyewe. Ni vipuri vya bei nafuu, na fundi yeyote mwenye spana huvibadilisha. Nimeona stata nzima zikitupwa kwa ajili ya vipande hivyo, na huo ni upotevu.

Stata ikizungusha vizuri, mwache mtu aendelee kuwasha huku wewe ukitazama ekzosi. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika ndani ila haiungui. Hapo shughulika na hita plagi, nozo au mgandamizo wa injini. Liboi si Limuru kwenye baridi: usiku wake ni wa joto, kwa hiyo gari likigoma hata saa sita mchana, usikimbilie kulaumu hita plagi. Ikiwa hakuna moshi hata kidogo, dizeli haifiki kabisa. Anza na jambo rahisi. Kwenye pampu kuna solenoidi ndogo yenye waya, ambayo hufungulia dizeli njia. Mwenzako akiwasha swichi, unapaswa kuisikia ikilia "tik". Isipolia, kagua fyuzi na waya wake, maana bila umeme hufunga dizeli hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Ikilia, sasa tafuta hewa, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Katika injini hizi hakuna pampu ya umeme ndani ya tangi inayosukuma dizeli mbele. Pampu iliyo chini ya boneti ndiyo inayoivuta kutoka tangini, kupitia paipu na filta. Njia yote hiyo, injini inapofanya kazi, imo katika hali ya kufyonzwa, kama mrija kwenye soda. Mrija ukipasuka, soda haimwagiki. Wewe unavuta hewa. Vivyo hivyo mpira wa dizeli wenye ufa mwembamba unaweza kuingiza hewa mchana kutwa bila kudondosha tone. Dereva huchungulia chini, huona mchanga mkavu, na kuamini paipu zote ni nzima. Ukavu huo si ushahidi wa chochote.

Dalili zake zinajulikana. Gari lililolala halitaki kuwaka asubuhi, au linawaka, linanguruma kidogo, linazima. Ukibonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, linawaka bila taabu. Ikiwa kazi hiyo inarudiwa kila asubuhi, basi usiku dizeli inarudi tangini na hewa inashika nafasi yake.

Kuithibitisha, tafuta mpira wa plastiki unaopitisha mwanga. Uunge katika mlango wa pampu, na upande wa pili uuzamishe katika jerikeni ya dizeli safi iliyoinuliwa juu ya kiwango cha injini. Toa hewa, washa. Gari likikaa vizuri, pampu imeshinda kesi yake, na kosa liko nyuma, kati ya pampu na tangi. Rudisha njia ya kawaida kipande kimoja kimoja, ukiacha mpira huo unaopitisha mwanga mbele ya pampu, mpaka uone mapovu yakipita. Washukiwa wa kwanza ni mipira mifupi karibu na tangi, ambayo joto na mtikisiko huikausha ikapasuka chini ya klipu. Kisha pete ya mpira ya filta, koki ya kumwagia maji, na pampu ya mkono yenyewe.

Mapovu yasipoonekana na dizeli bado ni haba, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia "fsss" ya hewa ikiingia, tundu la kupumulia limezibwa na vumbi. Pia dizeli inayouzwa kwa jerikeni na mapipa huja na maji na mchanga. Ichuje kwa kitambaa kizito, na umwage maji ya filta alfajiri kabla ya kuwasha, wakati yametulia chini. Kuhusu mafuta taa, mwaka 2018 ushuru wa shilingi 18 kwa lita uliwekwa nchini Kenya ili kuwazuia wanaoyachanganya na dizeli. Pampu hizi hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo.

Mambo mawili yanaweza kukuumiza. Ukilegeza nati ya nozo ili uone kama dizeli inaruka, weka mkono mbali: shinikizo lake hupita mara 100 ya lile la hewa ya kawaida, linaweza kutoboa ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali hata likionekana dogo. Wala usipulize etha au petroli kwenye njia ya hewa wakati hita plagi zina moto.

Pampu iliyochoka kweli hujitambulisha kwa njia nyingine. Asubuhi gari linawaka vizuri. Linasafiri, linazimwa adhuhuri likiwa na joto, na halitaki tena mpaka lipoe. Dizeli yenye joto huwa nyepesi na kupenya katika sehemu zilizolika ndani ya pampu. Injini ikiwa imezimwa, funika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji, subiri ipoe, kisha uwashe. Ikikubali, sasa ifungue uipeleke, pamoja na nozo zake, na umweleze fundi kwamba inakataa ikiwa moto. Wakati iko safarini, shusha tangi ulioshe na ununue filta mpya, kwa sababu mchanga ulioila pampu hiyo bado umo ndani.