Siku ya Bwana na Pumziko la Mama

Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya Dominika. Ni siku tuliyoizoea sana, na jambo lililozoewa husahauliwa upesi.

Mwalimu mmoja wa huku Mlali, chini ya milima ya Uluguru, ana desturi ya kuwauliza watoto habari za Dominika kila Jumatatu asubuhi, kabla ya hesabu. Siku moja aliwaambia waeleze jinsi watu wa nyumbani mwao walivyopumzika. Mtoto wa kwanza akasema, "Baba alitoka Misa, akala, akalala kidogo, kisha akaenda kuzungumza na wenzake." Wa pili akasema, "Sisi tulicheza mpira mpaka jua likatua." Mwalimu akauliza, "Na mama zenu je?" Darasa likanyamaza. Hata binti mmoja akasimama, akasema, "Mwalimu, mama alikwenda mtoni mara mbili, akatwanga, akapika, akaosha vyombo, akafua nguo zetu za shule. Sikumwona ameketi."

Mwalimu hakuwa na la kujibu. Walakini jioni ile alirudi kwake, akamtazama mkewe aliyekuwa akichochea moto, naye akaona haya. Maana habari ile ilikuwa ya nyumba yake pia.

Basi, ndugu zangu, swali la mwezi huu ni hili: Siku ya Bwana ifikapo, nani anapumzika nyumbani mwako?

Siku hii ina majina mawili kwetu. Watu wa pwani walihesabu siku baada ya Ijumaa, wakaiita ya kwanza Jumamosi, na ya pili Jumapili, nasi sote tukayapokea majina hayo. Tena Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioanza kazi yao Bagamoyo mwaka 1868, walitufundisha kuiita Dominika, neno litokalo katika Kilatini, maana yake siku ya Bwana. Kama siku ni ya Bwana, haifai mwanamume ajifanye bwana wa siku hiyo, akiketi na kuagiza maji na chakula kama aliye na watumwa.

Tazama amri iliyotolewa kwa mkono wa Musa. Haikumwambia baba peke yake apumzike. Ilimtaja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, hata mgeni aliyekaa nao. Na katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati sababu imeelezwa: Waisraeli wakumbuke ya kuwa nao walikuwa watumwa katika Misri. Ikiwa punda alipewa siku yake, itakuwaje mama wa watoto akose? Na binti mliyemwajiri kwa kazi za nyumbani, yeye naye si mtu wa kuhesabiwa?

Wafalme wa zamani nao walitunga sheria juu ya siku hii. Mwaka 321 Kaisari Konstantino wa Roma aliamuru mahakimu na watu wa mijini wapumzike siku ya jua, bali wakulima aliwapa ruhusa kulima, akihofu wasije wakakosa majira ya kupanda. Lakini mwaka 789 Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, alikataza kazi za shambani, tena akawataja wanawake kwa kazi zao zenyewe: wasifume, wasishone, wala wasifue nguo hadharani siku ya Bwana. Watu wa kale walijua ya kuwa kazi ya mwanamke ni kazi kama nyingine, na kwamba isipotajwa husahauliwa.

Najua mkulima wa Mlali atanijibu, "Maneno haya ni mazuri, lakini nyanya hazijui Dominika. Zikiiva zimeiva, na lori la mjini halinisubiri." Neno lake si la kudharauliwa, maana karo ya watoto imo ndani ya yale matenga. Lakini Waisraeli nao walikuwa wakulima, na waliambiwa wapumzike hata wakati wa kulima na wakati wa kuvuna. Yafaa basi kupatana na mnunuzi mapema, ili matenga yajazwe Jumamosi na kuondoka siku hiyo hiyo, au yapakiwe Jumatatu alfajiri. Nyanya iliyochumwa inapoanza tu kubadili rangi yaweza kukaa siku kadhaa pasipo kuoza, ikiwekwa kivulini penye hewa. Na likitokea jambo la dharura, kama mgonjwa, au ng'ombe aliyetumbukia shimoni, au mafuriko yanayobeba shamba, Bwana wetu mwenyewe alikwisha kusema ya kuwa kuokoa si kosa. Lakini dharura ya kila juma si dharura tena, ni mazoea.

Dalili ya mvua ni mawingu, na Dominika njema huonekana tangu Jumamosi. Waisraeli walipokuwa jangwani waliokota mana maradufu siku ya sita, ili siku ya saba wasitoke kuitafuta. Nasi tufanye vivyo hivyo. Jumamosi unga uwe umesagwa, kuni zimepasuliwa na kupangwa, mchele umechambuliwa, maharage yamechemshwa, nguo za Misa na za shule zimefuliwa na kupigwa pasi, mitungi na ndoo zimejaa maji. Walakini angalieni: kama kazi hizi zote zitatupwa juu ya mama Jumamosi, mtakuwa mmeuhamisha mzigo tu, hamkuupunguza. Mkono mmoja haulei mwana. Baba na apasue kuni, vijana na waende majini, mabinti na wachambue mchele, na mdogo kabisa afagie ua.

Dominika yenyewe iwe na utaratibu mwepesi. Jamaa yote iende Misa pamoja, mama asiachwe nyuma kulinda chungu. Mkirudi, chakula kiwe kile kilichotayarishwa, kipashwe moto tu, na mama aketi akaandaliwe na watoto wake. Baada ya chakula baba awaulize watoto walichosikia katika mahubiri, naye aseme alichosikia yeye. Alasiri iwe ya kutembeleana. Waendeeni wagonjwa na wajane. Wapelekeni watoto kwa bibi yao na kwa mjomba wao, maana kwa Waluguru ukoo hufuatwa kwa mama, na mtoto asiyemjua mjomba wake amekosa nusu ya malezi. Pombe isiimeze siku, wala simu isiwanyamazishe watu walioketi mkeka mmoja.

Huenda mwanamume akasema, "Nikionekana na ndoo ya maji watu watanicheka, watasema mke wangu amenitawala." Ndugu yangu, Bwana wetu alijifunga kitambaa kiunoni, akachukua maji, akawaosha wanafunzi wake miguu, wala hakupungukiwa na ubwana wake. Watakaokucheka Dominika hii watanyamaza baada ya miezi miwili. Mwanao aliyekuona na ndoo atakukumbuka siku zote, naye atamtendea mkewe vivyo hivyo.

Na ninyi walimu, mna kazi kubwa katika jambo hili. Mwulizeni mtoto habari za nyumbani kwa upole, si kwa kumwaibisha mzazi, kisha mpeni kazi moja ndogo ya kumpumzisha mama yake. Yule mwalimu wetu hakuwahubiri wazazi. Aliwaambia watoto tu kwamba kila mmoja achague kazi moja ya mama, aifanye yeye Jumamosi. Naye alianza nyumbani kwake. Dominika iliyofuata alichota maji mwenyewe, na mkewe alipotaka kuinuka kwenda jikoni, alimwambia, "Mama watoto, keti. Leo ni siku ya Bwana, nawe ni mtu wake." Mama yule aliketi, akacheka, akasema hajui afanye nini na mikono yake.

Basi, Jumatatu ijayo ulizaneni nyumbani swali lile la mwalimu. Mama akijibu ya kuwa naye aliketi, mshukuruni Mungu. Akinyamaza, Jumamosi i karibu, anzeni tena.