Saa Isiyo na Tarakimu

Katika baraza ya duka moja mjini Embu, ambako fundi saa huketi na meza yake ndogo na kioo cha kukuzia kilichobanwa jichoni, niliiona Jumamosi moja ya mwezi wa Machi saa ya mkononi ambayo uso wake ulikuwa mweusi mtupu, hauna tarakimu hata moja, ila nukta ya dhahabu pale juu na akrabu mbili nyembamba; na mwenyewe, mzee aliyeteremka kutoka Runyenjes kuja kuitia betri, alilalamika kwamba mwanawe amemtunukia saa iliyokwisha kufutika.

Haikufutika. Aliyeibuni, mwaka 1947, ni Nathan George Horwitt wa New York, naye alifuata madhehebu ya Bauhaus, ile shule ya Ujerumani iliyoasisiwa na msanifu majengo Walter Gropius mjini Weimar mwaka 1919, iliyoshikilia kwamba nyumba, kiti na hata birika vipate umbo lao kutokana na kazi yao, bila nakshi za kubandikwa. Nukta ile ni jua la adhuhuri. Mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York liliipokea katika hazina yake, na ndiyo maana kampuni ya Movado huiita Museum. (Hii ya mzee, kama ni halisi au mwigo, sikuuliza.) Hata Max Bill, msanifu majengo aliyesoma Bauhaus ya Dessau, hakufika huko: saa zake za Junghans za mwaka 1961 zilibakiza mistari ya dakika.

“Sasa nitajuaje saa?” mzee akauliza.

“Mzee wangu, ukisema saa moja asubuhi, mshale uko wapi?”

“Kwenye saba.”

“Basi hiyo saba ilikusaidia nini?”

Mzee akacheka, nami nikastaajabu, kwa kuwa sisi wasemaji wa Kiswahili umri wetu wote tumesoma mahali pa akrabu huku tarakimu zikitukadhibisha. Na Waembu na Wameru wa kale, waliojenga nyumba za mviringo zenye mlango mmoja, nadhani wangeifahamu saa hii upesi kuliko sisi tuliozoea kuta za pembe nne: nukta ndiyo mlango.

Lakini huku kwetu nukta hiyo ina kasoro. Barabara ya Embu kwenda Meru huvuka mstari wa istiwai, ambao vijana huuita ikweta, baada ya Nkubu, na jua la huko halina mzaha. Ila saa za Kenya hufuata jua la nyuzi 45 mashariki, ilhali Embu na Meru ziko kati ya 37 na 38, hivyo jua hufika utosini yapata saa sita na nusu.

Fundi alipomfunga mzee mkanda, akrabu zote mbili zilikuwa zimelalia nukta. Mzee akakitazama kivuli cha nguzo ya umeme, kilichokuwa bado kimeegemea magharibi.

“Bado,” akasema.