Nyumba iko Lubumbashi, mwenyewe yuko Kolwezi



Kila mwaka tunaagana na wenzetu. Bwana amepata kazi kwenye mgodi kule Kolwezi au Fungurume, ao mama mwenyewe ametumwa kufundisha Kasumbalesa, na jamaa yote inafuata. Nyuma inabaki nyumba: vyumba vitatu Katuba ao Ruashi, vilivyojengwa polepole, vingine kwa feza ya likelemba. Hakuna anayetaka kuiuza, maana ndiyo urithi wa watoto. Kuiacha tupu ni kuita wezi, na mvua ikianza Novemba hakuna atakayeona bati limefunguka. Basi tunapangisha.

Kupata mpangaji si shida. Komisioneri yuko kwenye kila avenyu, na mara nyingi anachukua feza ya mwezi mmoja kwa kazi yake. Shida inaanza mwezi wa tatu ao wa nne, wakati mwenye nyumba yuko mbali na feza inapita katika mikono ya mtu mwingine.

Mama mmoja tunayemfahamu aliacha nyumba yake kwa shemeji, mtu mwema, mwenye kusali. Nyumba ilitoa dola 100 kwa mwezi. Miezi miwili feza ilifika Kolwezi kamili. Mwezi wa tatu ilifika 70, maana mtoto wa shemeji alifukuzwa masomo kwa kukosa minerval. Mwezi wa tano kulikuwa na kilio katika jamaa, na feza yote ikaenda kwa sanduku na chakula cha wageni. Mwezi wa saba shemeji hakujibu simu. Mama alipofika Lubumbashi alikuwa tayari kumwita mwizi mbele ya jamaa yote. Lakini walipoketi na kuhesabu, kila faranga ilikuwa na sababu yake, na kwa sababu nyingine mama mwenyewe angetoa mkono. Ila hakuulizwa hata mara moja. Na kwa miezi yote hiyo shemeji alikuwa akipokea wapangaji, akigombana nao juu ya maji, akipanda juu ya nyumba kupiga misumari, na hakuna aliyemlipa kitu.

Kwa maoni yetu, neno la mwisho hilo ndilo mzizi. Ndugu anayechunga nyumba bila mshahara atajilipa mwenyewe, na atajilipa siku asiyoichagua mwenye nyumba. Ni afazali kumwambia tangu siku ya kwanza: “Kaka, kila mwezi dola 10 ni zako, zinazobaki unatuma kwa M-Pesa ao Airtel Money siku ileile uliyopokea.” Kilio kikitokea, jamaa iombe mchango kwa mwenye nyumba kama inavyoomba kwa wengine, naye atoe kwa mkono wake. Kuna wanaosema kwamba kumlipa ndugu ni kuvunja undugu. Sisi tumeona undugu ukivunjika mara nyingi zaidi pale ambapo hakulipwa.

Sasa tuhesabu, kama tunavyofanya ubaoni. Dola 100 kwa mwezi ni 1.200 kwa mwaka. Toa 120 za mchungaji wa nyumba. Toa feza ya mwezi mmoja, 100, ya bati, rangi na choo. Usipoiweka kando kila mwaka utaitafuta kwa mkopo. Zinabaki 980, na kodi ya serikali haijatoka bado, ile wanayoiita IRL, ambayo jimbo linadai juu ya feza ya kupangisha. Tena mwezi mmoja nyumba inaweza kukaa bila mtu. Mama anayeondoka huku akihesabu 1.200 kwa minerval ya watoto Kolwezi atajikuta na pengo mwezi wa Septemba.

Tuje kwenye karatasi. Mkataba wa kupangisha uandikwe, kila upande ubaki na nakala, na upelekwe kwenye ofisi ya Habitat ya komine kutiwa mhuri. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite feza ya miezi mitatu. Tunajua mjini watu wanaomba sita, hata kumi. Katika chama chetu wengine ni wenye nyumba na wengine ni wapangaji, kwa hiyo tuseme wazi: anayeomba kumi anavunja sheria, na anajitia deni. Garanti ni feza ya mpangaji. Mwenye nyumba akiila kununua kitanda Kolwezi, siku mpangaji anataka kutoka atakosa cha kumrudishia, na mpangaji atabaki ndani bila kulipa akisema anakula garanti yake. Wengi wetu tumeona hiyo, ao tumeifanya sisi wenyewe tukiwa wapangaji.

Mchungaji wa nyumba apewe prokirasio, iliyotiwa sahihi mbele ya noteri, na ndani yake yaandikwe maneno machache: kupangisha, kupokea feza, kutengeneza vitu vidogo hadi kiasi fulani. Iandikwe pia kwamba hana ruhusa ya kuuza wala kuweka lupango rehani. Tusione haya kuandika hivyo hata kwa mtoto wa mama yetu. Karatasi za lupango, hasa cheti cha anrejistrema kwa aliye nacho, zisafiri na mwenyewe. Mchungaji abaki na fotokopi tu. Wanaouza lupango mara mbili wanapenda sana lupango ambalo mwenyewe haonekani, na wanapenda zaidi kama karatasi za kweli ziko karibu.

Kwa mama aliyeolewa, neno moja. Kodi ya Jamaa ya 1987 ilimtaka aombe ruhusa ya bwana kabla ya kutia sahihi mkataba. Sheria ya Julai 2016 iliondoa jambo hilo na kusema mume na mke wapatane wote wawili. Bwana naye basi asipangishe nyumba ya jamaa kimyakimya kwa sababu tu yeye ndiye aliyebaki mjini.

Kabla ya kupanda basi, zungukeni nyumba yote pamoja na mpangaji mukiwa na daftari. Andikeni kila mlango na kufuli lake, vioo vilivyopasuka, nambari iliyo kwenye konteri ya SNEL na ile ya REGIDESO. Pigeni picha kwa simu, kisha wote watatu, mwenye nyumba, mpangaji na mchungaji, watie sahihi. Kama lupango lina wapangaji wengi kwenye konteri moja, pataneni siku hiyo namna ya kugawa fakitire, kwa vyumba ao kwa vichwa. Ugomvi huo ukiachwa utamfuata mama kwa simu kila mwisho wa mwezi, saa ya kupika.

Wengine wanafunga chumba kimoja na kuweka vitu vyao ndani: sahani za arusi, mashine ya kushona, magodoro. Sisi hatupendi sana. Mpangaji anaishi kama mgeni kwa watu, panya wanazaa mule ndani, na kitu kikipotea hakuna atakayejua kama kilikuwamo. Vitu viende kwa mama mkubwa ao viuzwe. Lakini tunajua kuna mama ambaye, bila chumba hicho, angeona ametoka Lubumbashi kabisa, na hatuwezi kumhukumu.

Na mpangaji asipolipa? Kwanza aulizwe, labda ni mwalimu kama sisi, na mshahara haujatoka. Patana naye, yaandikwe. Asipotimiza, ofisi ya Habitat inaita pande zote mbili, na ikishindikana kuna tribinali de pe. Kutoa mlango, kukata moto ao kutuma vijana kutupa vyombo inje usiku hakuruhusiwi, hata kama deni ni la miezi sita. Tena mbele ya juji mwenye nyumba aliyefanya hivyo anakuwa mshitakiwa. Mara nyingi mpangaji huyo ni mama mwenye watoto watatu, na mmoja wao yuko darasani mwetu.

Safari ya Kolwezi hadi hapa ni karibu kilometa 300, na nauli si ndogo. Hata hivyo, mara moja kila likizo ya watoto mwenye nyumba afike, aingie chooni, aangalie juu kwenye plafo, asalimie majirani na shefu wa avenyu, ili wamkumbuke uso wake. Oktoba ni afazali kuliko Desemba, maana bati linatengenezwa kabla ya mvua.

Wenye mkataba uliotiwa mhuri walete fotokopi kwenye mkutano ujao, majina yakiwa yamefichwa. Tutausoma pamoja mstari kwa mstari, wenye nyumba upande mmoja, wapangaji upande mwingine.