Wasia wa Marehemu na Nasaba ya Nyumba Zilizomiliki Watumwa

Leo twataka kusema habari za nasaba. Mtu atokaye Gungu akishika njia ya Ujiji hufika katika mji uliokuwa kituo kikubwa cha biashara ya pembe na watumwa katika karne ya 19. Hapo wako wajukuu wa mabwana, na wako wajukuu wa watumwa; tena wako watu ambao ni wajukuu wa pande zote mbili. Hao wa mwisho hawatajwi sana barazani. Lakini karatasi za mirathi huwataja.

Nasaba ya mdomo ni kitu chema, ila mdomo huchagua la kusema. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, alisimulia mwenyewe jinsi alivyofika kwa mtawala mmoja mzee, Kasongo Rushie, mbali upande wa magharibi wa ziwa letu. Alidai kwamba bibi yake wa zamani alikuwa binti wa nchi ile, aliyetekwa na kuchukuliwa mbali. Mzee akasadiki, akamwachia utawala. Hapana hati iliyoonyeshwa.

Mambo ya mirathi hayaendi hivyo. Mtu akifa, kwa sheria ya Kiislamu, mali yake hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi ya mali iliyobaki; ndipo warithi hugawanywa mafungu yao. Kila mrithi huwatazama wenzake kwa jicho kali, kwani likizidi jina moja, fungu lake lapungua. Kwa hiyo orodha ya warithi ni nasaba iliyochunguzwa na watu ambao wangepata hasara kama ingekuwa ya uwongo.

Tena hesabu yenyewe hutufundisha. Tuseme marehemu ameacha rupia 800, na warithi wake ni wake zake na watoto tu. Karatasi yaonyesha wanawake wawili wamepata 50 kila mmoja, watu wawili wamepata 200 kila mmoja, na watatu wamepata 100 kila mmoja. Hata kama haikuandikwa nani ni nani, twajua. Wajane hushirikiana thumuni moja, yaani 100. Zile 700 zilizobaki ni za watoto, na mwana wa kiume hupata mara mbili ya binti. Basi wale wawili wa 200 ni wana, na wale watatu wa 100 ni mabinti.

Sasa tazameni: huenda mmoja wa watoto hao mama yake hayumo katika wajane. Labda alikufa mapema, labda aliachwa. Au labda alikuwa suria, yaani mtumwa aliyekaa na bwana wake. Suria si mke, kwa hiyo hapati fungu la mke. Lakini mtoto aliyemzalia bwana, naye bwana akamkubali, ni huru tangu kuzaliwa, na hurithi sawa na watoto wa mke. Bwana akifa na mtoto yu hai, mama naye hupata uhuru.

Msidhani jambo hili lilikuwa la nyumba ndogo tu. Seyyid Said wa Unguja alipokufa mwaka 1856, aliacha watoto 36, na wote walikuwa wana wa masuria. Seyyid Barghash mama yake alikuwa Mhabeshi. Binti Salme, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, mama yake alikuwa Jilfidan wa nchi ya Cherkesi. Naye alipata urithi wake kwa baba kama mabinti wenzake.

Basi mtu wa Gungu atakaye kufuata ukoo wake aanze wapi? Kwanza awaulize wazee jina kamili la marehemu, na mahali alipofia, na mwaka kama wakumbuka. Kisha atazame sanduku la nyumbani, kwani hati nyingi hulala humo. Kisha aulize katika hifadhi za nyaraka za Dar es Salaam na Unguja. Msistaajabu kusikia Unguja. Wafanya biashara wa bara walikopa mali kwa matajiri wa pwani, kama Taria Topan, na wengi waliweka rehani nyumba na mashamba yao. Mtu aliweza kufia bara, na deni lake likafunguliwa Unguja. Muhammad bin Khalfan el-Barwani, yule Rumaliza aliyekuwa mkubwa wa Ujiji, alishtakiana na Tippu Tip juu ya mali ya shirika lao. Na Tippu Tip alifia Unguja mwaka 1905.

Yampasa pia kutazama maneno madogo. Mtu akiandikwa "huru wa fulani", maana yake aliachwa huru na fulani yule. Na mwachwa huru akifa bila jamaa wa kumrithi, mali yake hurudi kwa nyumba ya aliyemwacha huru. Hivyo hata karatasi ya maskini huweza kuonyesha ukoo wa tajiri.

Lakini yako mahali ambapo karatasi hunyamaza. Watumwa waliandikwa pamoja na nyumba na minazi: Mabruki, Feruzi, Baraka, jina tu, bila baba wala nchi. Majina hayo walipewa na waliowanunua. Hapo hatuna budi kurudi kwa wazee, tuwasikilize kwa makini, wala tusibuni kama Tippu Tip alivyobuni.

Sheria ilikomesha utumwa Tanganyika mwaka 1922, lakini haya haikukoma siku ile. Wapo waliolificha jina la bibi yao hata likapotea. Ikiwa bibi huyo yumo katika karatasi, na mtoto wake yumo katika warithi, basi naye ni wa ukoo. Mwandikeni pamoja na wengine.